Mkono wa Kushoto Hauna Noti

Mwanangu, umekuja tena na swali lile lile, na mimi sina jibu jipya. Unataka do ya juu. Unaitaka kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi kuna harusi, na yule mpigaji wa kundi la mtaa wa pili aliipiga juzi mbele ya ukumbi akatunzwa mpaka mfuko wa shati ukajaa. Wamenijia wengi kabla yako na hamu hiyo hiyo. Karibu wote walinisikiliza kwa adabu, wakasema "nimekuelewa, mzee", wakatoka hapa kwenda kufanya yale yale waliyokuja nayo. Wewe sijakuhukumu bado. Kaa hapo kwenye benchi, na tarumbeta lirudishe kwenye sanduku lake kwanza, kwa sababu likiwa mkononi mwako husikii la mtu.

Tuanze na mkono wako wa kushoto. Ukiwa chini mkono huo unashika tu, kama ipasavyo. Ukifika so ya kule juu unaanza kuvuta. Kipulizio kinazama mdomoni, mabega yanakufuata masikioni, mishipa ya shingo inasimama. Noti inatoka, sikatai. Inatoka nyembamba, inakwaruza, na baada ya nyimbo mbili hata so ya chini inakugomea. Ukiliondoa tarumbeta, mdomo wa juu una pete nyeupe, nawe unaionyesha kwa wenzako kama askari anayeonyesha nishani. Pete ile ni damu iliyofukuzwa mahali pake. Nyama isiyopata damu haitetemeki, na isipotetemeka hakuna tarumbeta, kuna bomba la shaba tu.

Maana huko ndani hakuna kitu kingine kinachotoa sauti. Bomba lenyewe lina urefu wa karibu mita moja na nusu, limekunjwa ili libebeke, na vali tatu kazi yake ni kulirefusha: ya pili inashusha sauti nusu hatua, ya kwanza hatua nzima, ya tatu hatua moja na nusu. Basi. Anayeamua noti ipi itoke ni midomo yako. Ukipiga do ya kati, midomo inafunguka na kujifunga takriban mara 466 kila sekunde. Do ya juu unayoitaka ni mara 932. Fikiri sasa: unaiomba nyama hiyo icheze mara mbili ya kasi, na hapo hapo unaibana kwa chuma isicheze kabisa. Mkono wa kushoto hauna noti hata moja, mwanangu. Kama ungekuwa nazo, wabeba mizigo wa sokoni wangetushinda wote.

Na kuna jambo ambalo ninyi mliojifunzia harusini hamkuambiwa, ingawa waliolelewa kwenye matarumbeta ya kanisani hulijua bila kulitafuta. Bila kubonyeza vali yoyote, tarumbeta linakupa do ya chini, kisha so, kisha do ya kati, mi, so, halafu noti moja iliyolegea kidogo ambayo hatuitumii hivyo hivyo ilivyo, halafu do ya juu. Zitazame nafasi zake. Chini, kutoka do hadi so, ni pengo pana. Ukikosea kidogo bomba linakurudisha lenyewe mahali pako. Kadiri unavyopanda noti zinasogeleana, na ukiivuka do ya juu zimekaa bega kwa bega: do, re, mi, zote kwa vali zilizo wazi. Vidole havikusaidii tena huko. Ukikosea kwa kiasi kidogo sana umeangukia kwa jirani. Kwa hiyo kule juu hakutaki mtu mwenye nguvu. Kunataka mtu mwenye shabaha, na shabaha haifundishwi kwa kelele.

Wewe unataka cha darini, nami nakuambia uiname. Najua inavyoudhi.

Asubuhi, kabla ya kelele za mtaa, anza na so ya chini. Ipige kwa sauti ndogo kiasi kwamba aliyelala chumba cha pili asiamke. Ishike mpaka pumzi ikaribie kwisha, usiisukume mwishoni, iache izimike yenyewe. Sikiliza inavyoanza: je, hewa inatangulia ikilia "fff" kabla ya noti? Basi midomo ilikuwa mbali, au ilikuwa imekaza. Rudia mpaka noti na hewa vianze pamoja. Kisha shuka nusu hatua, na nyingine, mpaka ufike mwisho wa vali zote tatu. Halafu ndipo upande, hadi do ya kati tu. Dakika kumi, kumi na tano. Hutasikia ushujaa wowote, na ndugu zako watakuuliza kama tarumbeta limeharibika.

Kupiga kwa sauti ndogo ndiko wengi wanakokuona adhabu ya watoto. Sikiliza. Herbert Clarke, aliyekuwa mpiga koneti wa mbele katika bendi ya Sousa kule Marekani, mmoja wa watu walioheshimiwa kuliko wote kwa chombo cha namna hii, alitoa kitabu cha mazoezi mwaka 1912. Kinaanza na kikundi kidogo cha noti zinazopanda na kushuka kwa nusu hatua, kule chini kabisa. Unakizungusha, kisha unakisogeza nusu hatua juu, na tena, na tena. Alitaka kila kimoja kirudiwe mara 8 hadi 16 kwa pumzi moja, kwa sauti ya chini mno. Watu hukisoma kitabu hicho wakadhani ni cha kuzoeza vidole. Kinazoeza vidole, kweli, lakini ukikifuata alivyoagiza utagundua umefika mahali ambapo jana ulikuwa unapavutia mkono, na leo umepita hapo bila kujua, kwa sababu ulikuwa umeshughulika na pumzi isiishe. Sauti ndogo haikupi nafasi ya kudanganya. Ukibana, inakatika. Ukipoteza kona za mdomo, inakatika. Ukipiga kwa nguvu unaweza kuficha madhambi yote hayo, mpaka siku mdomo utakapoyatoa hadharani.

Nimetaja kona za mdomo. Hizo ndizo za kukaza. Katikati, pale kipulizio kinapokaa, pawe laini. Usitabasamu ukipanda, naona unavuta midomo pembeni kama mtu anayepigwa picha. Ukiivuta unaifanya iwe myembamba, na iliyo myembamba ndiyo inayoumia upesi. Kusanya kona ndani kidogo, kama anayetaka kutamka "mu". Halafu kuna ulimi. Piga mluzi sasa hivi, chini hadi juu. Umeona ulivyoinuka? Hukuufikiria, umekwenda wenyewe kutoka "aaa" kwenda "iii". Njia ya hewa imekuwa finyu, hewa imekwenda kasi. Hicho ndicho kinachotakiwa ndani ya tarumbeta, na ndicho kinachozoezwa na zoezi la kuteleza.

Zoezi hilo nalipenda kuliko mengine yote, kwa hiyo nivumilie. Shika do ya chini, vali wazi. Bila kugusa noti kwa ulimi, teleza hadi so, rudi do. Mara nne, polepole, ukisikiliza kama katikati kuna kibonge. Kikiwapo, ni mkono umevuta au koo limejifunga. Kisha bonyeza vali ya pili ufanye hivyo hivyo nusu hatua chini, kisha ya kwanza, kisha ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu, zote tatu. Zimekuwa hatua saba. Pumzika. Sasa anzia so: so, do, so. Hatua saba zile zile. Pumzika. Do, mi, do. Ukiimaliza hiyo wiki kadhaa bila vibonge, ongeza: do, mi, so, mi, do. Unapanda ngazi ambayo bomba lenyewe limeijenga, na kila unaposhuka nusu hatua kwa vali unaipa midomo zoezi lile lile mahali penye nafuu kidogo. Siku ukiteleza kutoka so ya pili hadi do ya juu ukarudi bila mtu kusikia mlango ukifunguliwa, hutanihitaji tena, na mimi nitapata mchana wangu wa kulala.

Kuhusu kupanda kwenyewe: chukua wimbo mmoja mfupi unaoujua kwa moyo. Pambio, wimbo wa shule, wowote. Upige pale unapolala vizuri. Kesho usogeze nusu hatua juu. Ukitoka vizuri mara tatu, siku tatu tofauti, sogeza tena. Ukikwaruza, rudi ulikotoka na usione haya. Nusu hatua kwa mwezi si uchoyo. Nawajua watu wenye majina makubwa katika muziki wa dansi ambao wangeshukuru kwa hiyo. Napendelea wimbo kuliko skeli kavu kwa sababu moja: katika wimbo sikio linajua noti inayofuata kabla midomo haijafika. Anayepapasa juu mara nyingi haisikii noti kichwani. Mwambie aiimbe na hawezi. Basi imba kwanza, ndugu yangu, hata kwa sauti ya chura, ndipo upulize.

Yapo mengine. Kuna kupuliza kipulizio peke yake, bila tarumbeta. Dakika mbili asubuhi zinatosha kuamsha midomo, ukizidisha unajichosha bure. Kuna noti za chini ya mwisho wa vali, zile zinazonguruma kama pikipiki. Claude Gordon, aliyefundishwa na Clarke, alizitilia mkazo sana, na wapo wanaozikataa kabisa. Mimi naona zinafaa kwa kulegeza mdomo uliochoka, mradi usibadilishe jinsi unavyokaa ili uzipate. Na kule New York alikuwapo mwalimu aitwaye Carmine Caruso, mpiga saksafoni, lakini wapiga tarumbeta ndio waliomjaza nyumba. Aliwataka wahesabu kwa mguu, wasiondoe kipulizio mdomoni, wapumue kwa pua, ili misuli ijifunze kufika kwa wakati mmoja. Mpiga saksafoni! Nalisema hili kwa ajili ya wale wasemao huwezi kuongozwa na mtu asiyepiga juu kuliko wewe.

Sasa kupumzika. Najua hapa ndipo utakapoanza kutazama simu.

Ukipiga dakika moja, pumzika dakika moja. Si kwa mzaha. Jean-Baptiste Arban wa Paris, ambaye kitabu chake kikubwa cha mwaka 1864 bado kiko kwenye mikoba ya wapigaji dunia nzima, alipiga na kufundisha zamani sana kabla ya watu kupima misuli kwa mashine, na hata yeye hakuwa na subira na mtu anayeendelea kupuliza mdomo ukiwa umechoka. Ule msuli unaozunguka mdomo ni mdogo. Haujengeki wakati unapouchosha; unajengeka wakati umeuacha. Fundi wa nyumba ya udongo hakandiki tabaka la pili la ukuta la kwanza likiwa bichi, maana anajua asubuhi ataukuta wote umelala chini. Ninyi mnakandika saa nne mfululizo siku ya Ijumaa, kisha Jumamosi mnashangaa.

Unadhani wakubwa walisalimika? Louis Armstrong, ambaye mwaka 1960 alifika hata Léopoldville watu wakambeba kitini juu ya mabega, alipata sifa ya ujana wake kwa kurundika noti za juu moja juu ya nyingine mpaka ukumbi unasimama. Mdomo wake ulipasuka zaidi ya mara moja katika miaka ya 1930, na mwaka 1934 ilibidi akae Paris miezi mingi bila kazi kubwa. Maisha yake yote akawa mtu wa kupaka dawa mdomoni, krimu aliyoagiza kwa fundi mmoja wa Mannheim, Ujerumani. Ukizitazama picha zake za uzeeni utaliona kovu. Madaktari wamelipa jina lake la utani tatizo la msuli wa mdomo kuchanika. Freddie Hubbard naye, tarumbeta lenye moto kuliko karibu wote wa wakati wake, mdomo wa juu ulimpasuka mwaka 1992, akaendelea kupiga, ukaingia uchafu. Aliishi mpaka 2008, lakini ile sauti ya mwanzo haikurudi. Hao walikuwa na waganga, mameneja na viyoyozi. Wewe una pikapu.

Hilo la pikapu linaniumiza kichwa. Ninyi saba mmesimama nyuma ya gari, jua la saa nane, msafara wa bibi harusi unawafuata ukipiga honi, na barabara ina matuta kila mahali. Tarumbeta liko mdomoni. Gari likiruka, chuma kinakwenda kwenye meno. Chet Baker alipoharibiwa meno kwa kipigo mwaka 1966 ilimbidi ajifunze tarumbeta upya akiwa na meno ya bandia, kwa muda mrefu, na huyo alikuwa Chet Baker. Sikuambii uache kazi. Najua kodi inalipwa na nini. Nakuambia msipige wote kwa pamoja njia nzima. Tuba na ngoma vinaweza kubeba mtaa mzima peke yake, watu watacheza tu. Kwenye tuta, ondoa mdomo. Na wimbo ukiwa wa kupokezana, wawili wapige, wawili wanywe maji. Wazee wa beni kule Lamu na Mombasa walipigana vijembe kwa matarumbeta usiku kucha, makundi mawili yakishindana nani atazidi, na bado walijua kupokezana.

Usiniletee tena habari za kipulizio kipya. Naona umenunua hicho chenye kikombe kifupi, umeambiwa kinatoa noti za juu. Kinazipa wepesi kidogo, ni kweli, na wapigaji wa bendi kubwa wanaokaa juu usiku mzima huvitumia. Lakini wao walikuwa na noti hizo tayari. Kwako kitafanya jambo moja: midomo yako iliyovimba itagusa chini ya kikombe na sauti itakatika katikati ya wimbo. Kirudishe kama bado wanakubali. Pesa iliyobaki nunua mafuta ya vali, maana hilo tarumbeta lako linalia kama baiskeli. Na msiazimane vipulizio bila kuviosha. Hilo hata mama zenu wangewaambia.

Utaniuliza kama kila mtu lazima afike huko. La. Miles Davis alijenga jina kubwa akikaa zaidi katikati ya tarumbeta, kwa noti chache, na hakuna aliyemwambia arudishe pesa. Katika matarumbeta ya kanisani, yale waliyoyaacha wamisionari wa Kijerumani kwa Walutheri na Wamoraviani wetu, sauti ya kwanza mara nyingi haivuki so ya pili, na mtu anaweza kuipiga miaka arobaini na kustaafu na meno yake. Lakini wewe unaitaka, na kuitaka si dhambi. Noti hiyo ikipigwa wazi, imejaa, haijabanwa, hata mimi huacha nilichokuwa nafanya.

Basi kwa Jumamosi hii. Mwambie kiongozi wenu wimbo wa kuingilia ukumbini ushushwe hatua nzima. Wenye vali hawatasumbuka, na mwenye tuba atafurahi. Do ya juu haitakuwapo, itakuwa la-na-nusu ya chini yake, na katika kelele za vigelegele hakuna atakayeipima. Asubuhi piga dakika kumi tu, za chini na za taratibu, kisha liweke sandukuni mpaka kazi. Ukiona kona zinatetemeka, acha ubeti mmoja upite. Ukimaliza, kabla hujaenda kwenye pilau, piga noti ndefu tatu nne za chini, laini, mdomo ulegee, halafu maji baridi. Jumapili usiliguse. Jumatatu asubuhi ukiamka mdomo bado mzito, usiliguse vilevile, hata akikupigia nani.

Jumanne njoo baada ya alasiri. Kitabu cha Clarke ninacho, kimechanika kurasa za mbele lakini zoezi la kwanza linasomeka. Leta maji ya kunywa, na huyo rafiki yako wa tromboni asije. Yeye tutamtafutia siku yake.